TAA IKIZIMWA, NDIPO KAZI INAPOANZA

Mazungumzo ya vijana wa sinema mbele ya mkutano wa wanachama, mjini Tabora



Sisi tuliosimama mbele yenu ni vijana watatu, wawili wanawake na mmoja mwanamume. Mali yetu yote ni kamera moja, mashine ndogo ya kuonyeshea picha, jenereta, na shuka jeupe. Kwa vitu hivyo tumezunguka vijijini, tukitundika shuka letu baina ya miembe miwili na kuwaonyesha watu sinema juu ya mtoto wa kike na shule. Mmetuita tueleze tumefanya nini. Tutaeleza. Lakini tutaeleza pia mahali tulipokosea, maana anayesimulia ushindi wake peke yake hajamfundisha mtu kitu.

Wako watu wanaosema kwamba sinema ni mchezo wa mjini, na ya kuwa kuitumia kuwaelimisha watu ni jambo jipya la vijana wasio na kazi. Tuwajibu kwanza hao. Jambo hili si jipya, na mmoja wa wazee wake alisoma hapa hapa Tabora.

Wengi wenu mnamjua marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa kwa vyeo vyake. Mnajua kwamba Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipoacha Uwaziri Mkuu ili akakijenge Chama, aliyeshika kiti kile alikuwa Kawawa. Mnalijua jina lake la Simba wa Vita. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa kijana wa sinema. Alisoma katika shule ya serikali hapa Tabora. Alipomaliza, njia ya kwenda Makerere ilikuwa wazi mbele yake, naye akaiacha, akashika kazi ili wadogo zake wapate kusoma. Kazi aliyoishika ilikuwa ya ustawi wa jamii, kufuatana na gari la sinema na kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kutoka hapo akaingia mwenyewe ndani ya picha. Mwaka 1952 ilitoka sinema iitwayo Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba aliyeingia mjini, na Kawawa ndiye aliyecheza nafasi ya mbele. Zikafuata nyingine, kama Chalo Amerudi na Mgeni Mwema. Watu walimjua kwa sura yake kwenye shuka kabla ya kumjua kwa sauti yake katika vyama vya wafanyakazi na katika TANU.

Kamera ile haikuwa yetu. Kampuni iliyopiga picha zile ilitoka Afrika Kusini, na shauri lilikuwa la serikali ya mkoloni, iliyotaka kumwambia Mwafrika afanye nini na asifanye nini. Hata hivyo twaamini kuwa kijana yule alijifunza jambo kubwa katika kazi ile: kusimama usiku mbele ya watu wasiojua kusoma, na kusema nao bila kuwadharau. Sisi tulisahau jambo hilo, na mtasikia tulivyolipa. Kamera sasa ni yetu, lakini dharau inaweza kukaa hata ndani ya kamera ya mwananchi.

Ndugu zetu, kwa nini tumechagua habari ya mtoto wa kike? Na kwa nini tumeifuata njia hii ya magharibi, kutoka Kwihara kwenda Urambo na Kaliua mpaka upande wa Uvinza na Ujiji?

Njia hii mnaijua. Ni njia ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika kwetu Unyanyembe, ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni njia ya pembe na ya minyororo. Ni njia ya wapagazi wa Kinyamwezi pia, ambao nguvu zao zilisifiwa mpaka pwani. Mbele alitangulia kirangozi, nyuma wakafuata wenye mizigo. Na pamoja nao walikwenda wanawake. Walibeba vyungu, mikeka na vibuyu, wengine na mtoto mgongoni, na msafara ulipotua, wanaume walipokaa kupumzika, mwanamke alianza kazi ya pili ya kutafuta maji na kuni na kupika. Wangapi kati yao tunawajua kwa majina? Kila mtoto wa shule husikia habari za Susi na Chuma, waliomchukua Livingstone alipofariki mwaka 1873. Ni wachache waliosikia habari za Halima, mpishi wake, aliyekuwa Ujiji siku zile Stanley alipofika mwaka 1871. Alikuwapo, akafanya kazi. Lakini jina la mwanamke aliyebeba chungu halikutiwa sana kwenye vitabu, kwa sababu walioandika vitabu hawakumtazama, na yeye mwenyewe hakufundishwa kuandika.

Hilo ni la zamani. Lakini tazameni la karibu zaidi, lililotokea katika mji wetu huu. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora, mkutano uliotoa Uamuzi wa Busara. Serikali ya mkoloni ilikuwa imetuwekea kura ya namna ya ajabu: kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena ili mtu apate kupiga kura, ilimpasa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe ameshika kazi fulani zilizotajwa. Wengi walitaka kura ile isusiwe. Mwalimu akasimama akawaomba waingie, na wakaingia, na TANU ikashinda.

Twajivunia uamuzi ule, na ni haki yetu kujivunia. Lakini jiulizeni swali moja. Mama zetu waliojaza mikutano, walioimba, waliochanga senti zao, walioitikia mwito wa Bibi Titi Mohamed tangu mwaka 1955, ni wangapi kati yao waliokuwa na darasa la nane? Ni wangapi waliokuwa na pauni 150? Waliobeba chama mgongoni walifika kwenye mlango wa kura wakaukuta umefungwa, na kufuli lake lilikuwa shule ambayo hawakupelekwa walipokuwa watoto. Mkoloni ndiye aliyetia kufuli. Lakini si kila binti aliyekosa shule alinyimwa na mkoloni. Wengine walinyimwa nyumbani.

Mwalimu mwenyewe aliliona jambo hili mapema. Alisoma hapa Tabora, akarudi kufundisha hapa, na katikati ya hayo, akiwa mwanafunzi wa Makerere mwaka 1944, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Wakati huo TANU haikuwapo bado. Kwa hiyo asituambie mtu kuwa habari ya mtoto wa kike ni jambo la wageni wenye fedha. Fikra hiyo ni ya nyumbani, nayo ina umri kuliko Uhuru wenyewe.

Sasa tuje siku zetu. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne katika shule za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016. Hizo ni hatua kubwa na tunazipongeza. Lakini utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika mkoa wetu wa Tabora, kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 mpaka 19, wasichana 43 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa waja wazito. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 27. Mkoa mmoja tu ulitupita, nao ni jirani zetu wa Katavi, waliokuwa na 45. Mji huu umesomesha viongozi wa taifa, na umezungukwa na vijiji ambavyo binti anaingia unyumba kabla hajamaliza hesabu za sehemu. Yatupasa kuona haya, na haya ikiwa njema humfanya mtu aamke mapema.

Ndipo sisi tulipoamka na kamera yetu. Na hapa ndipo penye kosa letu.

Sinema yetu ya kwanza ilikuwa ya dakika ishirini. Ilisimulia habari za binti wa darasa la saba ambaye baba yake alimwita usiku wa kuamkia mtihani, akamwambia: "Mwanangu, kesho usijibu vizuri. Weka majibu ya makosa." Ninyi mlio walimu mnaijua habari hii. Mtoto akifaulu, serikali itamwuliza baba kwa nini hakumpeleka sekondari. Akishindwa, hakuna atakayeuliza, na mahari itaingia zizini. Hatukuitunga. Tulisimuliwa na binti mwenyewe, katika kijiji kimoja cha mkoa huu. Binti yule alituambia pia siri yake: kwamba alimwitikia baba yake "Ndiyo, baba," na asubuhi akaingia katika chumba cha mtihani akajibu kama ajuavyo. Matokeo hayakuwa yametoka bado. Baba alilala usingizi akidhani ametiiwa.

Tukampa jina jingine, tukadhani tumemficha. Tukamchukua msichana wa mjini aigize mahali pake. Lakini picha tulizipiga kwenye njia ile ile ya kisima. Tukaacha ng'ombe wanane, hesabu ile ile aliyotutajia. Tukaweka cherehani barazani, kama ile ya mama yake. Tulifanya hivyo kwa kiburi cha ufundi. Tulitaka picha ifanane na kweli. Nayo ikafanana mno.

Tulipoionyesha kijijini kwao, nusu ya picha haijafika watu walianza kugeuka kumtazama mtu mmoja. Wengine wakacheka. Yule mzee hakusema neno. Alikaa mpaka aliposikia yule binti wa kwenye shuka akisema, "Nimejibu yote." Hapo akainuka, akakung'uta vumbi nguo yake, akaenda zake. Na sisi, kwa ujinga wetu, usiku ule tuliandika daftarini: "Onyesho limefaulu. Watu wameguswa."

Baada ya wiki mbili mwalimu mmoja akatupigia simu. Binti ameondolewa kijijini, amepelekwa kwa ndugu katika wilaya nyingine. Tulipokwenda kumtafuta tuliambiwa amehamishwa tena. Matokeo yakatoka, na jina lake lilikuwamo katika waliofaulu. Januari ikafika, dawati lake likakaa tupu. Baadaye tukasikia ameolewa.

Ndugu zetu, tafadhali lielewe jambo hili kama tulivyolielewa sisi, kwa uchungu. Binti yule alikuwa ametunza siri yake peke yake, na mpango wake ulikuwa mzuri kuliko wetu. Angengoja jina lake litoke kwenye orodha, mwalimu aje nyumbani, na serikali ya kijiji iwe shahidi. Sisi ndio tuliomtangazia baba yake. Tulikwenda kumtetea, tukamfichua. Nia yetu ilikuwa njema, lakini nia njema haikumrudisha darasani.

Ilituchukua miezi mingi kupata ujasiri wa kurudi kwa yule mzee. Tulikwenda bila kamera. Tulimkuta anapanga tumbaku yake, tukamwamkia, tukamwomba radhi kwa kumwaibisha mbele ya watu wa rika lake. Alinyamaza kitambo. Kisha alituambia maneno ambayo tumeyashika mpaka leo. Alisema: "Wanangu, mlinionyesha mimi kwa watu, lakini njia hamkunionyesha. Sekondari iko kilometa kumi na nne kutoka hapa. Angelala wapi? Katika chumba cha kupanga, na vijana wa pikipiki mlangoni? Mniambie. Ng'ombe wanane niliwaona kwa macho. Shule sikuiona."

Hatumsafishi. Alilofanya lilikuwa baya, nalo lina sheria yake. Lakini alituuliza swali la haki, na katika dakika zetu ishirini hatukuwa tumelijibu hata kwa dakika moja. Tulikuwa tumemwonyesha mtu mwovu, tukadhani tumeonyesha sababu ya uovu.

Tukaivunja sinema ile. Haionyeshwi tena mahali popote, wala haitaonyeshwa. Tukaanza nyingine, na safari hii tulikwenda kwanza kujifunza kwa waliotutangulia. Yuko mwanamke wa Tanzania, Flora M'mbugu-Schelling, ambaye mwaka 1992 alitoa filamu iitwayo These Hands, yaani mikono hii. Aliwapiga picha wanawake wanaoponda kokoto katika machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Hamna mhubiri ndani yake anayekwambia uhuzunike. Unawaona wanawake, unaisikia nyundo, unaliona jua, na ukitoka umejua mwenyewe. Tulipoitazama tulijionea haya kwa maneno mengi tuliyoyatia katika sinema yetu.

Basi sinema yetu ya pili haina baba mwovu. Tulimwomba binti mmoja wa kidato cha pili ruhusa, tukawaomba na wazazi wake wote wawili, na wao wakaitazama kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Tukamfuata kutoka nyumbani mpaka shuleni, na kurudi. Ndiyo sinema yote. Anaamka saa kumi usiku. Anateka maji kwanza, maana ndugu zake wa kiume wamelala. Anavuka korongo ambalo masika hujaa maji. Anapita mahali ambapo pikipiki hupunguza mwendo, na mwenye pikipiki humwita kwa jina. Anafika darasani, somo la kwanza limekwisha. Saa saba anaona njaa. Jioni anarudi, anapika, na kibatari kinapowashwa ili asome, usingizi unamshika. Kila mahali tumeweka kilometa zake kwenye picha: moja, tatu, saba, kumi na nne. Hatukusema neno.

Na watu sasa ndio wanaosema. Kila tulipoizima taa, watu walianza kubishana. Katika kijiji kimoja mzee alisimama akauliza: "Binti akienda shule, maji atateka nani?" Mama mmoja akamjibu kutoka gizani: "Kisima hakimuulizi mtu kama ni mwanamke." Watu wakacheka, na safari hii kicheko hakikumuumiza mtu. Kwingine wanaume walianza kuhesabu gharama ya kufyeka njia na kuweka daraja la magogo. Kwingine waliuliza habari ya bweni. Hapo ndipo tulipojua kwamba sinema haisomeshi mtoto. Sinema huwakusanya watu mahali pamoja, usiku, na kuwaonyesha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Taa ikizimwa, ndipo kazi inapoanza, na kazi hiyo si ya wenye kamera. Ni yenu.

Ndugu Mwenyekiti, kabla hatujasema kazi hiyo ni ipi, turuhusu tuguse sheria, kwa sababu wanachama wengi hutuuliza.

Sheria ya Ndoa ilitungwa mwaka 1971. Kwa wakati wake ilikuwa hatua ya mbele, lakini kifungu cha 13 na cha 17 viliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na hata miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, ambapo kwa mvulana ni miaka 18. Aliyekwenda mahakamani kuvipinga vifungu hivyo alikuwa kijana, Rebeca Gyumi, ambaye watu walianza kumjua kama mtangazaji wa kipindi cha vijana katika televisheni. Yeye naye alitoka kwenye picha akaingia kwenye kazi. Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubali kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Pamoja na hayo, mwaka 2024, miaka mitano baada ya rufani, vifungu vile vilikuwa bado havijarekebishwa na Bunge.

Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Sasa tazameni mwanya uliobaki. Sheria moja inamlinda mwanafunzi. Nyingine inamwachia binti wa miaka 15 aolewe. Basi anayetaka mahari anatafuta njia ya kumfanya binti asiwe mwanafunzi. Ndiyo maana baba anamwambia mtoto aweke majibu ya makosa. Si upumbavu, ni hesabu. Mwanya ule ukizibwa, hesabu ile haitajumlishika tena.

Na liko jambo la tatu, ambalo wengi vijijini hawajalisikia. Kwa miaka mingi binti aliyepata mimba alifukuzwa shule na habari yake ikaishia hapo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo, pamoja na wasichana waliojifungua, wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Tumewakuta mabinti waliokaa nyumbani mwaka mzima na zaidi baada ya tangazo lile, hawana habari, wala jirani hakuwaambia. Tangazo lililobaki mjini ni kama maji yaliyobaki kisimani.

Haya, kazi ni ipi? Hatukuja kuomba fedha. Tumekuja na mambo manne, na kila moja lina mwenyewe humu ndani.

La kwanza ni la mabalozi na viongozi wa mashina. Ninyi mnajua kila nyumba. Kila Januari, orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza ikitoka, ichukueni kwa mwalimu mkuu, mkahesabu majina ya mabinti, na baada ya wiki mbili mkahesabu waliofika. Jina lililopungua lifuatwe mpaka nyumbani, kwa heshima na mapema, kabla ng'ombe hawajahesabiwa. Mtoto hutoweka katika wiki zile ambazo kila mtu anadhani mwingine ameuliza.

La pili ni la wanaume wote. Msijenge ofisi mpya ya tawi kabla hamjajenga mahali pa binti kulala karibu na shule. Matofali ya kuchoma tunayajua, kuni ziko, mikono ipo. Chumba kirefu chenye mlango mmoja na mama mlezi mmoja kinaweza kuokoa mabinti wengi kuliko hotuba kama hii yetu.

La tatu ni la mama zetu. Mama, tunakuheshimu, kwa hiyo tunakuambia kweli. Mara nyingine anayemwamsha binti saa kumi usiku akateke maji, na kumwacha kaka yake alale, ni wewe. Ulilelewa hivyo. Tunakuomba ndoo hiyo ugawe. Na jirani yako aliyejifungua akiwa shule, mpe habari kwamba mlango uko wazi, umsaidie kushika mtoto siku ya kwanza anaporudi.

La nne ni la viongozi wanaokwenda Dodoma kwa kura zetu. Waulizeni, kila wanapokuja kuomba, wamesema nini juu ya kifungu cha 13. Waulizeni kwa upole, lakini waulizeni kila mara.

Na sisi wa kamera tunajiwekea sharti letu mbele yenu, ili mtushike kwalo. Hatutaonyesha habari ya mtoto yeyote kabla hatujajua itamfanya nini asubuhi yake. Sura ya mtoto si mali yetu, wala siri yake.

Ndugu zetu, tunamaliza. Yule binti wa kwanza hajarudi. Hatutawadanganya kwa kuwapa mwisho mtamu. Yeye sasa ni mama wa mtoto mmoja, tumemfikishia habari ya kwamba anaweza kurudi, na jibu bado hatujalipata. Tunangoja, na hatutaacha kungoja.

Lakini alikuwa na mdogo wake. Mwaka uliopita mdogo yule alifanya mtihani wa darasa la saba, na usiku wa kuamkia mtihani hakuitwa na mtu. Kijiji kile sasa kina chumba kimoja kirefu karibu na sekondari, matofali ya kuchoma, bati zilizonunuliwa kwa kuchangishana. Katika wale waliofyatua matofali alikuwapo mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Januari alimchukua mtoto yule mwenyewe, sanduku juu ya baiskeli, kilometa kumi na nne. Alipofika alikagua mlango, akajaribu komeo mara mbili, akamkabidhi mtoto kwa mama mlezi, akarudi. Hatukuwapo kumpiga picha. Tulisimuliwa na mwalimu.

Zamani katika njia hii mwanamke alitembea nyuma ya msafara na chungu kichwani, na jina lake halikuandikwa. Mtoto yule jina lake limeandikwa katika daftari la shule, kwa mkono wake mwenyewe. Tusaidieni yaandikwe na mengine.

Uhuru na Kazi.